YAH: Cheti cha SSL cha "mwaka mmoja" kilichokufa wiki mbili kabla ya Idi

Duka la Madera na Vikoi,
Ngamiani, Tanga.
16 Machi 2026

Meneja, Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwezi Disemba niliwalipa shilingi 120,000 kwa tovuti ya duka langu mnayoihifadhi, na ankara yenu niliyoiambatisha inasema: cheti cha SSL, mwaka mmoja. Hicho ni kitambulisho cha tovuti, kinachomhakikishia mteja kwamba yuko kwenye duka halisi na kuwezesha taarifa zake zifichwe njiani. Ijumaa ya tarehe 6 Machi asubuhi mteja wangu wa Mwanza akanitumia skrinishoti kwa WhatsApp. Skrini nzima ni onyo: muunganisho si wa faragha, huenda kuna watu wanataka kuiba taarifa zako. Chini yake kaandika, "Dada, duka lako limeingiliwa?" Alikuwa anaagiza madera sita ya Idi. Hakurudi, na simlaumu. Mimi mwenyewe ndiye niliyewafundisha wateja wangu kwamba wakikuta onyo la namna hiyo wasiandike hata namba ya simu.

Niliwapigia mara tatu. Kijana wa kwanza aliniambia nifute kashe, yaani kumbukumbu ya muda ya kivinjari. Wa pili akasema simu yangu ina tarehe mbovu. Wa tatu, ambaye angalau aliifungua tovuti, akadai tatizo ni dogo kwa kuwa taarifa bado zinasimbwa (zinafichwa kwa msimbo) njiani hata cheti kikiisha muda. Kifundi pengine kasema kweli. Lakini mteja wa dera la 25,000 atajuaje kama upande wa pili ni duka langu au tapeli aliyejivika jina langu? Cheti ndicho cha kumthibitishia hilo. Tovuti ilikaa hivyo mpaka Jumanne mchana, siku nne nzima za Ramadhani. Muuza nguo yeyote wa hapa Tanga atawaambia hizo ni siku gani.

Jumamosi usiku, baada ya kufuturu, mpwa wangu alibonyeza ile alama iliyo kando ya anwani ya tovuti akanifungulia maelezo ya cheti. Mtoaji: Let's Encrypt. Kimetolewa 6 Disemba, kinaisha 6 Machi. Siku 90. Hii ni huduma ya shirika lisilo la faida la Marekani, inayotoa vyeti bure kwa yeyote tangu 2015, na vina muda mfupi kwa sababu seva inatakiwa kuvihuisha yenyewe, bila kusubiri mtu akumbuke.

Sina ugomvi na cheti cha bure, kinasimba taarifa sawa na cha kulipia. Wala sina ugomvi na kumlipa fundi. Ila kama 120,000 ilikuwa ya kazi, kazi yenyewe ni moja tu, kuhakikisha kinahuishwa, na haikufanyika. Kama ilikuwa bei ya cheti, basi mmeniuzia maji ya mvua.

Usiku huohuo tukagundua jingine. Cheti kilitolewa kwa jina lenye www peke yake, kwa hiyo aliyeingia kwa https (njia inayosimbwa) bila www alikuwa anakutana na onyo tangu Disemba. Aliyeanza na http (njia isiyosimbwa) aliachwa hukohuko, na fomu ya oda, yaani jina, simu na mtaa anaokaa, ikasafiri wazi. Taarifa hizo nimekabidhiwa mimi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inanitaka nizilinde, na sitajitetea kwa kusema fundi alisahau.

Naomba mnirudishie 120,000 kwa namba ileile iliyolipa, kabla ya 31 Machi. Oda zilizopotea sizidai, maana sina ushahidi wa idadi yake. Cheti mlichoweka Jumanne kinaisha 8 Juni: niandikieni kitahuishwa vipi na nani anakifuatilia, majina yote mawili, lenye www na lisilo nayo, yaingizwe, na kila anayeingia kwa http apelekwe moja kwa moja kwenye https. Kama hilo ni gumu, niandalieni nakala ya mafaili yangu pamoja na msimbo wa kuhamisha jina la tovuti, nihame.

Wenu,
Mmiliki wa duka