Simenti si dawa ya jumba la chokaa

Bwana Mhariri,

Makala yenu kuhusu Beit-al-Ajaib, jumba la kale la Unguja (Zanzibar), ilieleza vizuri milango ya nakshi na maandishi yake ya dhahabu, lakini ikamalizia kwamba lipu ya simenti ingelizuia sehemu ya jumba isianguke Desemba 25, 2020. Hapo mmewapotosha wasomaji.

Jumba hilo la Sultani Barghash, la mwaka 1883, lina kuta za mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta wa aina hiyo hunywa maji ya mvua kisha huyatoa kupitia lipu. Ukiuvisha simenti, maji hukwama ndani. Chumvi ya matumbawe huyeyuka, hujikusanya nyuma ya lipu, na ikikauka huwa chembe zinazosukuma, hadi lipu inabanduka pamoja na uso wa jiwe. Chuma nacho kikishika kutu ndani ya ukuta huvimba na kuupasua, na Beit-al-Ajaib ilijengwa kwa chuma kingi: veranda zake zilibebwa na nguzo za chuma cha kusubu.

Lipu inayofaa ni ya chokaa, na kazi yake inataka subira. Chokaa iliyochomwa hutiwa ndani ya maji, si maji juu ya chokaa, maana huchemka na kuruka machoni. Huachwa shimoni chini ya maji miezi 3 au zaidi. Ndoo 1 yake kwa ndoo 3 za mchanga mkali wa mtoni uliooshwa; wa pwani una chumvi. Lowesha ukuta kwanza. Kila mkono (tabaka) wa lipu usizidi sentimita 1, ukizidi, unachanika. Tundika magunia mabichi mbele yake wiki nzima, kwani chokaa ikikaushwa na jua haraka hubaki unga.

Hata hapa Ibanda, mjini Bukavu, nyumba ya zamani ambayo msumari unachimba kwa urahisi kati ya matofali yake, ishara kwamba haikujengwa kwa simenti, haifai kupakwa simenti, wala rangi ya mafuta.

Tunaomba kile kipimo mlichochapisha, simenti 1 kwa mchanga 4, kisahihishwe kabla mvua za Septemba hazijawapeleka watu dukani.

Mafundi wawili wa ujenzi,
Ibanda, Bukavu