Patrick hakuzaliwa Ireland

Mhariri,

Kila Machi 17, sikukuu yake, inapokaribia, tunasoma tena kwamba Mtakatifu Patrick alikuwa mzaliwa wa Ireland. Sivyo. Katika Ungamo lake, aliloandika mwenyewe kwa Kilatini, anasema baba yake, shemasi Calpornius, alikuwa wa kijiji cha Bannavem Taburniae na alikuwa na shamba dogo jirani. Hapo ndipo kijana Patrick alipotekwa akiwa na miaka kama 16, akapelekwa utumwani Ireland. Kwao kulikuwa Uingereza ya Warumi.

Kinachobishaniwa ni kijiji chenyewe. Wanakili wa Ungamo walitenganisha maneno pasipostahili, ndiyo maana wataalamu wengi husoma Bannaventa Berniae. Bannaventa moja inajulikana, huko Northamptonshire, lakini iko bara, mbali mno na pwani walikoshukia watekaji. Wanaoitetea Kilpatrick ya Scotland hutegemea maelezo yaliyoandikwa baada ya Patrick kufa.

Kwangu, Birdoswald ina hoja nzito zaidi. Ni ngome ya ukuta wa Hadrian, ukuta wa Warumi kaskazini mwa Uingereza, na jina lake la kale ni Banna. Madhabahu iliyopatikana eneo hilo inawataja wawindaji wa Banna. Tena, katika barua yake dhidi ya Coroticus, mtawala ambaye askari wake waliwateka waumini wake, Patrick anasema baba yake alikuwa diwani, cheo kinachodai mji wenye baraza, na mji wa Kirumi wa Carlisle hauko mbali na hapo. Udhaifu upo: baba yake alikuwa na shamba, lakini nyumba za shamba za Kirumi ni adimu sana upande huo.

Msomaji wenu,
Arusha