Mzee akianguka msiishie kusema "ni uzee"

Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye gazeti lako nitoe la moyoni. Mama yangu ana miaka 74, ndani ya mwaka mmoja ameanguka mara tatu na zile mbili za mwanzo hakutwambia, tumekuja kujua baada ya hii ya tatu kumvunja nyonga. Nikamuuliza mama mbona ulinyamaza, akanijibu "ningewaambia mngenikataza hata kutoka nje." Na kweli bwana, tungemkataza.

Watu wanachukulia kuanguka kwa mzee kama mvi vile, kitu cha kuja tu. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 684,000 wanakufa kila mwaka kwa kuanguka, kwenye vifo vya ajali ni ajali za barabarani tu zinazozidi, na wengi wa hao wamevuka miaka 60. Sasa hiyo nayo tuiite uzee?

Daktari aliyemuona mama hakuanza na mguu, aliuliza kwanza mama ulikuwa unafanya nini kabla hujadondoka? Alikuwa ametoka kitandani usiku anawahi chooni, taa hajawasha, kandambili zimelegea. Baadae alipoanza kusimama tena wakampima presha akiwa amelala halafu akiwa amesimama, namba ya juu ikashuka zaidi ya 20, manake akinyanyuka ghafla damu inachelewa kufika kichwani na dunia inazunguka. Wakatwambia tulete dawa zake zote tukapeleka mfuko mzima, za presha, ya kukojoza, na ya usingizi aliyoandikiwa zamani akaendelea nayo mwenyewe, kila moja imeandikwa kwa sababu yake ila hakuna aliyewahi kuzitazama zote kwa pamoja. Nyingine zikapunguzwa, ile ya usingizi wakaanza kuishusha kidogo kidogo (msije mkamkatisha mzee wenu dawa wenyewe, hiyo nayo ni hatari yake). Kumbe na jicho moja lilikuwa na mtoto wa jicho, sisi tunakaa nae nyumba moja na hatujui.

Lakini kinachoniuma zaidi ni kosa letu sisi watoto. Tangu mama afikishe sabini tulikuwa tunamwambia kaa mama, pumzika, usishike ndoo, usipande ngazi, tukijua tunampenda. Misuli ya mapaja isipotumika inaisha, na kwa mtu mzima inaisha haraka kuliko kijana, kwahiyo yale mapumziko yetu ndo yalikuwa yanamwangusha. Na mtu akishaanguka mara moja anaogopa, akiogopa anatembea kidogo, akitembea kidogo miguu inazidi kulegea, anaanguka tena.

Jamani mzee akianguka hata kama hajaumia muulizeni imekuwaje, na muulizeni bila kufoka maana mkifoka hamtaambiwa tena. Akigonga kichwa na anatumia dawa ya kuyeyusha damu msingoje aumwe, mpelekeni siku hiyohiyo, damu inaweza kuvuja taratibu ndani ya fuvu na dalili zikaja baada ya siku au hata wiki. Na asiyeweza kujinyanyua akalala sakafuni masaa mengi anaweza kuharibika figo hata kama hakuna mfupa uliovunjika, kwahiyo anayeishi peke yake apigiwe simu asubuhi na jioni.

Nyonga ilifanyiwa opareshini. Sasa hivi mama ana zoezi la kunyanyuka kwenye kiti bila kushika mikono, anahesabu kwa sauti nyumba nzima tunasikia. Alianza na mbili, jana kafika tisa, akanambia niondoke mlangoni namharibia hesabu.

Ni mimi msomaji wako wa siku nyingi.