Barua kwa wanangu mliotundika daluga na kushika kipenga

Wanangu,

Salamu nyingi. Nawaandikia ninyi ambao juzijuzi tu mlikuwa mkizifumania nyavu, na leo mmesimama kando ya mstari na kipenga shingoni. Baadhi yenu nimewajua tangu mnacheza peku, kwa hiyo sitazunguka.

Mwezi uliopita nilikaa kivulini nikimtazama mmoja wenu akifundisha vijana wa chini ya miaka 17. Kijana wa mbele alipiga shuti likapaa juu ya mwamba. Kocha akamsogeza pembeni, akautenga mpira mwenyewe, akarudi nyuma hatua tatu, akaukwamisha kwenye kona ya juu kwa mguu wa kushoto. Vijana wakashangilia. Akamgeukia yule mtoto: "Umeona?" Mtoto akaitikia kwa kichwa. Zamu yake ilipofika tena akapaisha, safari hii vibaya zaidi. Bao alikuwa ameliona. Mguu wa kuegemea uwekwe wapi, kifua kiinamie wapi, hayo hakuna aliyemwambia. Niliumia, maana yule kocha namjua, na najua anawapenda watoto wale.

Usiku ule nilimkumbuka Alfredo Di Stéfano.

Tangu Miguel Gamondi alipoinoa Yanga ikachukua ubingwa wa 2023/24, nawasikia mkibishana kuhusu makocha wa Argentina, na mnaowataja ni wa leo. Mimi nawarudisha kwa huyu wa zamani. Kama kuna mshambuliaji aliyekuwa na haki ya kuwaambia wachezaji wake "nitazameni mimi", ni yeye. Na ukocha wake hausimuliwi sana, kwa sababu watu wakishahesabu mabao wanafunga mazungumzo.

Mabao yenyewe nayapitia haraka. Alizaliwa Buenos Aires mwaka 1926. Mwaka 1947 aliifungia River Plate mabao 27 ikawa bingwa. Wachezaji wa Argentina walipogoma akaenda Millonarios ya Colombia mwaka 1949, na mwaka 1953 akatua Real Madrid. Kombe la Ulaya walilichukua mara tano mfululizo, kuanzia 1956 hadi 1960, naye akafunga katika kila fainali. Ile ya mwisho, kule Hampden Park, Glasgow, waliifunga Eintracht Frankfurt 7-3: mwenzake Puskás manne, yeye matatu. Mpira wa Dhahabu aliupata 1957 na 1959.

Ila shikeni jambo hili moja la ujana wake. Mwaka 1946 River walimtoa kwa mkopo klabu ya Huracán, kwa kuwa namba aliyoitaka ilikuwa ya Adolfo Pedernera, mkubwa wa enzi ile. Di Stéfano naye aliwahi kuwa kijana anayesubiri nyuma ya mkubwa. Na alipopata nafasi hakukaa mbele kusubiri pasi. Alishuka hadi karibu na kipa wake kuuchukua mpira, akasaidia mabeki, kisha akaonekana tena golini kwa wapinzani. Kazi ya kila namba aliionja kwa miguu yake kabla hajaanza kuifundisha.

Ukocha alianzia Elche ya Hispania, mwaka 1967. Miaka miwili baadaye akarudi nyumbani, na timu aliyoichukua ilikuwa Boca Juniors. Mnajua Simba na Yanga zilivyo. Boca na River ni vivyo hivyo, na yeye alikuwa mtoto wa River. Desemba 1969 Boca walikwenda kutafuta ubingwa wa Nacional, ligi ya Argentina ya wakati ule, katika uwanja wa River wenyewe, Monumental. Sare ya 2-2, mabao yote mawili ya Boca yakafungwa na Norberto Madurga, na kombe likawa lao. Wachezaji walipoanza kuzunguka uwanja kwa furaha, mabomba ya kumwagilia nyasi yakafunguliwa. Wakazunguka hivyo hivyo, wamelowa. Mwaka 1981 River ilimwita, naye akaipa ubingwa wa Nacional. Nawasimulia haya kwa sababu kuna mmoja wenu amekataa kazi nzuri kwa hoja kwamba timu ile ilikuwa mahasimu wake alipokuwa mchezaji. Mwanangu, jezi uliivua. Nenda ukafundishe.

Sasa njooni Valencia, maana hapa ndipo nilipotaka kuwafikisha.

Alipoichukua mwaka 1970, Valencia haikuwa imetwaa ligi ya Hispania tangu 1947. Watu wakimwona mpachika mabao mkubwa kwenye benchi, wanategemea mvua ya mabao. Hawakuipata. Msimu wa 1970/71 Valencia ilifunga mabao 41 katika mechi 30, hesabu ya kawaida kabisa. Ila iliruhusu 19 tu. Kaeni na namba hiyo kidogo. Mtu aliyeishi kwa kuwaadhibu makipa na mabeki alichukua ubingwa kwa kumwamini kipa wake, Abelardo, na ukuta uliokuwa mbele yake. Aliwatazama wachezaji aliowakuta, akaona wanaweza nini, akaijenga timu juu ya hilo.

Nawauliza ninyi washambuliaji: ni wangapi wenu mmewahi kutumia mazoezi ya siku nzima na mabeki wa pembeni? Ninapopita viwanjani nawakuta kwenye boksi la mbele na mastraika, huku mabeki wanapigiana danadana peke yao. Mnafundisha mnachokipenda. Timu inataka ufundishe inachokikosa.

Ubingwa ule ulikuja kwa tabu. Siku ya mwisho Valencia ilifungwa 1-0 na Espanyol. Ikaokolewa na sare ya 1-1 kati ya Atlético Madrid na Barcelona. Valencia na Barcelona zikalingana pointi, 43 kwa 43, na matokeo ya zenyewe kwa zenyewe yakaipa Valencia taji.

Mwaka 1980 alikuwa Valencia tena, kwenye fainali ya Kombe la Washindi pale Heysel, Brussels, dhidi ya Arsenal. Dakika 120 bila bao, wakaenda kwenye matuta. Wa kwanza kupiga ni Mario Kempes, yule aliyeibeba Argentina kwenye Kombe la Dunia la 1978. Akakosa. Fikirieni alivyokuwa Di Stéfano pale kando. Fainali tano za Ulaya alizifungia mabao kwa miguu yake. Hii hakuweza hata kuugusa mpira. Liam Brady wa Arsenal naye akakosa, wakaendelea kupiga mmoja mmoja, hadi kipa Carlos Pereira alipoudaka mkwaju wa Graham Rix na Valencia ikashinda 5-4. Usiku kama huo miguu ya kocha haina kazi. Kama hukuwaandaa Jumanne na Jumatano, huna cha kuwasaidia.

Kisha msimu wa 1982/83. Amerudi Real Madrid, nyumbani kwa utukufu wake, na katika msimu mmoja anapoteza mataji matano. Super Cup ikaenda Real Sociedad. Ligi ikamponyoka siku ya mwisho kwa kufungwa 1-0 na Valencia, ile ile Valencia yake, Athletic Bilbao wakawa mabingwa. Huko Gothenburg akafungwa fainali ya Kombe la Washindi na Aberdeen ya Alex Ferguson, 2-1 katika dakika za nyongeza. Barcelona wakamchukulia Kombe la Mfalme, kisha na Kombe la Ligi.

Kocha aliyepigwa hivyo hufanya nini msimu unaofuata? Mimi najua nilichofanya. Mwaka mmoja nilifungwa mechi nne mfululizo, nikaogopa maneno ya jukwaani. Nilikuwa na kijana wa miaka 17 mwenye akili ya mpira kuliko wote. Nikamweka benchi, nikawarudisha wakongwe ili nikifungwa nisilaumiwe. Nikafungwa vilevile, na yule kijana akaacha mpira akaingia kwenye uvuvi. Nikikutana naye sokoni ananiamkia kwa heshima zote, nami nasikia haya hadi leo.

Di Stéfano aligeukia watoto. Tarehe 4 Desemba 1983, ugenini kwa Murcia, aliwaanzisha Manuel Sanchís na Rafael Martín Vázquez kutoka timu ya pili, Castilla. Sanchís akafunga, wakashinda 1-0. Tarehe 5 Februari 1984, kule Cádiz, Madrid ilikuwa nyuma 2-0 hadi mapumziko. Kipindi cha pili akamwingiza kijana mwembamba wa miaka 20, Emilio Butragueño, ambaye hajawahi kucheza dakika moja ya ligi kuu. Butragueño akafunga mawili, Madrid ikashinda 3-2.

Msimu ule nao aliumaliza mikono mitupu. Madrid ililingana pointi na Athletic Bilbao, ubingwa ukaenda Bilbao, naye akaondoka. Wale vijana pamoja na wenzao wakaja kuchukua ligi mara tano mfululizo, 1986 hadi 1990, chini ya makocha wengine. Kwenye orodha ya mataji ya kocha Di Stéfano halimo hata moja ya hayo matano. Mimi, mzee wenu, hiyo ndiyo kazi yake ninayoiheshimu kuliko Heysel na kuliko ubingwa wa 1971.

Na bado kuna moja. Mwaka 1986 aliichukua Valencia msimu ukiwa umekaribia kwisha, timu ikizama. Hakuweza kuiokoa, ikashuka daraja kwa mara ya kwanza katika historia yake. Mtu mwenye jina lile angeweza kuaga. Alibaki, akaifundisha daraja la pili, na mwaka 1987 ikapanda ikiwa bingwa wa daraja hilo. Wewe uliyenipigia simu wiki jana ukitaka kuacha timu kwa sababu imeshuka, nilikuambia nitakujibu. Jibu langu ni hilo. Wale wachezaji watashuka na nani?

Sijawaita ninyi mkawe Di Stéfano. Nimewaita mtazame alivyomwachia Abelardo, Kempes na Butragueño uwanja, yeye akabaki nje ya mstari.

Jumamosi saa kumi alasiri nitakuwa pale uwanjani, chini ya ule mwembe. Njooni wote, na yule wa shuti la mguu wa kushoto aje na yule mtoto. Leteni daftari na kalamu. Njumu ziacheni nyumbani.

Mzee wenu