Barua ya wazi kwa Waziri wa Fedha: mdhamini naye aonyeshwe fomu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Hazina ya Taifa na Mipango ya Kiuchumi,
Jengo la Hazina, Harambee Avenue,
Nairobi.

KUH: MASHARTI YA KUOKOA KAMPUNI KWA FEDHA ZA UMMA

Mheshimiwa Waziri,

Mwalimu wa Kayole anapoomba mkopo wa Sh300,000 katika sacco yake, yaani chama cha akiba na mikopo, jambo la kwanza ni kuweka mezani hati zake za mshahara za miezi mitatu. Karani wa mikopo hupiga hesabu. Akiba yake ikizidishwa mara 3 inafikia anachoomba? Baada ya makato yote atabaki na thuluthi ya mshahara, kama Sheria ya Ajira ya 2007 inavyotaka? Wadhamini wake ni akina nani, na akiba zao hazijafungwa na mkopo wa mtu mwingine? Kila mdhamini hutia sahihi mwenyewe, huandika nambari ya kitambulisho, na huelezwa waziwazi kwamba mwenzake akishindwa, akiba yake ndiyo itakayokatwa. Kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi juu ya salio linalopungua, mwalimu huyo atalipa Sh9,964 kila mwezi kwa miezi 36. Akikaa siku 90 bila kulipa, jina lake linakwenda CRB, ofisi inayoweka rekodi za wadaiwa.

Kampuni kubwa inapookolewa na serikali, mdhamini ni mwalimu huyo huyo, pamoja na muuguzi wa Umoja na fundi wa kompyuta wa South B. Ila hawa hawakuonyeshwa fomu. Sisi ni waandaaji wa mishahara, wakaguzi wa mikopo ya sacco na wasambazaji wa bidhaa katika ofisi za umma. Tunakuomba jambo moja: kampuni yoyote itakayoletwa mbele yako kuomba kuokolewa ipitishwe katika tundu lile lile la sindano analopitishwa mdhamini wake.

Tuanze na mfuko wa mdhamini mwenyewe, maana ndio unaochotwa.

Chukua mshahara wa Sh80,000. Januari 2023 ulikatwa Sh200 za NSSF (mfuko wa uzeeni), Sh1,500 za NHIF (bima ya afya ya wakati huo) na PAYE (kodi ya mapato) ya Sh16,098 baada ya nafuu ya kodi. Mkononi zilibaki Sh62,202. Kwa viwango vilivyoanza Februari 2025, NSSF ilikuwa Sh4,320, SHIF (iliyochukua nafasi ya NHIF) kwa asilimia 2.75 ilikuwa Sh2,200, ushuru wa nyumba kwa asilimia 1.5 ulikuwa Sh1,200, na PAYE ilikuwa Sh14,067. Zilibaki Sh58,213. Haki isemwe: PAYE ilishuka kwa sababu NSSF, inayoondolewa kabla ya kodi kupigwa, ilipanda, na tangu mwisho wa Desemba 2024 SHIF na ushuru wa nyumba navyo huondolewa kwanza; tena NSSF ni akiba ya mwenyewe. Lakini akiba ya uzeeni hailipi karo ya Januari. Pengo lilikuwa Sh3,989 kwa mwezi, yaani Sh47,868 kwa mwaka, na hapo hatujagusa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya mafuta iliyopandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16 Julai 2023, ambayo abiria wa matatu huilipa katika nauli kila asubuhi.

Madhara makubwa hayaonekani kwenye mshahara wenyewe. Yamo katika ile kanuni ya thuluthi. Thuluthi ya Sh80,000 ni Sh26,667. Mwaka 2023 mtu huyu angeweza kukatwa mikopo ya hadi Sh35,535 kwa mwezi. Kwa viwango vya Februari 2025 ukomo wake ulishuka hadi Sh31,546. Aliyekopa Sh35,000 kwa mwezi wakati ule, kihalali kabisa, leo amevuka mstari bila kuongeza hata shilingi moja ya deni. Mwajiri haruhusiwi kukata zote. Mkopo mmoja hubaki bila kulipwa kikamilifu, riba inapanda, kisha barua inawafikia wadhamini watatu ambao nao wamekatwa yale yale. Hivyo ndivyo tabaka la kati linavyoporomoka Nairobi. Halianguki kwa kishindo cha kufutwa kazi peke yake. Linavutana, mdhamini mmoja akimshusha mwingine, hadi chama kizima kinasimamisha mikopo.

Watu waliofungamana hivyo ndio wanaobebeshwa kampuni.

Shirika la ndege la Kenya Airways ndilo darasa kubwa zaidi. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2016 ilipata hasara ya Sh26.2 bilioni. Mwaka 2017 madeni yakageuzwa kuwa hisa: serikali ikafika asilimia 48.9, benki za humu nchini zikachukua 38.1, shirika la ndege la Uholanzi, KLM, likashuka hadi 7.8. Jumlisha uone kilichobaki. Ni asilimia 5.2, na humo ndimo walimosongamana wafanyakazi wa shirika na maelfu ya Wakenya wa kawaida walionunua hisa tangu 1996. Julai 2020 uuzaji wa hisa hizo ukasimamishwa katika Soko la Hisa la Nairobi, usirudi hadi Januari 2025. Kwa miaka minne na nusu mstaafu mwenye hisa zake hakuweza kuuza hata moja akanunua dawa.

Mwenye hisa kubeba hasara kwanza ni haki; hilo hatulipingi. Kinachotukosesha usingizi ni dhamana. Mkopo wa kununua ndege za Boeing ulikuwa wa dola na ulidhaminiwa na serikali, na shirika lilipolemewa, mzigo ukahamia Hazina. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa kama Sh123. Januari 2024 ilikaribia Sh160. Kila dola milioni 100 za deni zikapanda kutoka Sh12.3 bilioni hadi Sh16 bilioni. Hizo bilioni 3.7 hazikuleta ndege, kiti wala abiria mmoja. Karani wa sacco asingempa mwalimu mkopo unaolipwa kwa sarafu asiyolipwa mshahara. Sharti letu la kwanza hapa ni jepesi kulitaja na gumu kulitekeleza: hakuna dhamana ya dola bila kuonyesha ni asilimia ngapi ya mapato ya kampuni huingia kwa dola, na nani atabeba tofauti shilingi ikidhoofika.

Shirika lilipata faida ya Sh5.4 bilioni mwaka 2024, likapongezwa, nasi tulifurahi. Nusu ya kwanza ya 2025 ikaleta tena hasara ya kama Sh12 bilioni, ndege tatu aina ya 787 zikiwa zimeegeshwa. Ndege iliyoegeshwa haiuzi tiketi, ila gharama zake zinaendelea kuhesabiwa. Kuhamisha deni kutoka kitabu kimoja hadi kingine husafisha mizania, lakini hakununui injini.

Kampuni ya sukari ya Mumias ilianguka kwa sababu nyingine, na ni vyema wataalamu wako waitenge. Kiwanda kilipewa mabilioni ya umma zaidi ya mara moja, na bado Septemba 2019 benki ya KCB ikakiweka chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa kukusanya deni lake. Pesa ziliingia kiwandani wakati tatizo lilikuwa shambani. Muwa wa Magharibi huchukua karibu miezi 18 kukomaa. Mkulima asipolipwa miwa ya msimu huu, hapandi ya msimu ujao, au anamuuzia mwenye lori anayelipa taslimu. Ukikarabati mitambo mwezi wa kwanza bila kupanda miwa, mwezi wa sita mitambo inazunguka nusu siku, mapato hayatoshi mishahara, na kampuni inarudi Nairobi na bakuli. Fedha zile zingetolewa kwa awamu, sehemu ya kwanza ikaenda moja kwa moja kwa wakulima na mbegu, na sehemu ya mitambo ikafungwa hadi ekari zilizopandwa zihesabiwe, tungekuwa tunazungumza mengine leo.

Kampuni ya maduka ya Uchumi iliokolewa baada ya kufunga milango Juni 2006, ikaanguka tena, ikaahidiwa Sh1.2 bilioni nyingine na kupewa Sh700 milioni. Kuokoa nusu ni kubaya kuliko kutookoa. Rafu za duka hujazwa na wasambazaji kwa mkopo wa siku 60 au 90. Wakisikia fedha zimekuja nusu, wote hudai taslimu siku moja, na rafu zinabaki tupu huku kodi ya jengo ikiendelea. Na kuhusu kampuni ya simu ya Telkom, ambapo Agosti 2022 Sh6.09 bilioni zililipwa kununua hisa asilimia 60 kutoka kwa mwekezaji binafsi bila kibali cha Bunge kutangulia, tunasema hili tu: kifungu cha 223 cha Katiba, kinachoruhusu serikali kutumia fedha kabla ya Bunge kuidhinisha, kiliwekwa kwa dharura, na kununua hisa za mtu anayetaka kuuza si dharura.

Hatusemi kampuni zisiokolewe. Marekani ilipoiokoa kampuni ya magari ya General Motors mwaka 2008 na 2009 kwa dola bilioni 49.5 hivi, mkuu wa kampuni aliondolewa, wenye hisa wa zamani wakapoteza chote, kampuni ikapitishwa mahakamani, na Desemba 2013 serikali ikauza hisa yake ya mwisho ikatoka. Walipa kodi walipoteza zaidi ya dola bilioni 10 hata hivyo. Hilo ndilo linalotokea masharti yakiwa makali. Yakiwa legevu, hasara haina tarehe ya kwisha.

Mheshimiwa, wakati huo huo yuko mtu ambaye wewe ndiye uliyemfilisi, naye haombi kuokolewa. Anaomba kulipwa. Kufikia katikati ya 2025 bili za serikali kuu ambazo hazijalipwa zilikuwa zimepita Sh500 bilioni, na Kaunti ya Nairobi peke yake ilikuwa na zaidi ya Sh80 bilioni.

Angalia zinavyomla msambazaji mdogo. Ameshinda zabuni ya viti na meza ya Sh1,000,000, na VAT ya Sh160,000 juu yake. Amenunua bidhaa kwa Sh850,000 na VAT ya Sh136,000. Amepeleka, kamati ya ukaguzi imepokea na kutia sahihi, ankara imetolewa kupitia eTIMS, mfumo wa ankara wa mamlaka ya kodi (KRA). Kuanzia hapo saa inakwenda kinyume chake. Ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata KRA inataka Sh24,000 zake, yaani tofauti ya VAT aliyotoza na aliyolipa, iwe amelipwa au hajalipwa. Kodi yote ya Sh160,000 sasa imetoka mfukoni mwake: 136,000 kwa aliyemuuzia, 24,000 kwa KRA. Alikopa Sh700,000 benki kwa kuonyesha LPO, hati ya serikali ya kuagiza bidhaa. Kwa asilimia 1.5 kwa mwezi, riba ni Sh10,500. Faida yake yote ilikuwa Sh150,000. Ukifika mwezi wa 15 imekwisha, na kuanzia hapo anafanya kazi ya kuikopesha serikali kwa hasara. Akikosa kulipa kodi anaongezewa adhabu ya asilimia 5 na riba ya asilimia 1 kila mwezi, ananyimwa cheti cha kutii sheria za kodi, na bila cheti hicho haruhusiwi kuomba zabuni nyingine. Serikali inayomdai ndiyo inayodaiwa naye, lakini saa iko upande mmoja tu.

Wafanyakazi wake 4 ndio hao tuliosema wamevuka thuluthi.

Kwa hivyo tunaomba utaratibu ugeuzwe. Kabla ya shilingi moja kwenda kuokoa kampuni kubwa, bili zilizothibitishwa zilizo chini ya Sh10 milioni zilipwe, za zamani kwanza. VAT ya ankara zinazodaiwa serikali isidaiwe hadi siku serikali itakapolipa, na KRA na Hazina zifutiane madeni badala ya kumzungusha mtu kati ya Times Tower na Harambee Avenue. Kampuni inayoomba fedha ilete makadirio ya fedha ya wiki 13, wiki kwa wiki: kitakachoingia, kitakachotoka, na siku ambayo akaunti itakauka. Kampuni isiyoweza kuandaa karatasi hiyo haijui tatizo lake, na haifai kupewa chochote. Benki zilizoikopesha zikubali kupunguza madai yao kabla ya umma kuongeza fedha zake, kwa maana zililipwa riba ya kubeba hatari hiyo. Malipo ya wakurugenzi yawekewe kikomo hadi fedha zirudi.

Na wafanyakazi wasisahauliwe. Sheria ya Ufilisi ya 2015 inampa mfanyakazi wa kampuni iliyoanguka kipaumbele kwa mishahara ya miezi 4, isiyozidi Sh200,000. Kwa anayepata Sh80,000 hiyo ni miezi miwili na nusu. Ongezeni kiwango hicho, kwani mara nyingine ni nafuu kulipa wafanyakazi 1,000 moja kwa moja kuliko kuibeba kampuni ili mishahara yao ipite ndani yake.

Kifungu cha 213 cha Katiba kinataka ripoti ya dhamana ilizotoa serikali katika mwaka huo ichapishwe ndani ya miezi miwili baada ya mwaka wa fedha kwisha, yaani kabla ya Agosti kwisha. Tutaisoma. Tunaomba mwaka huu iwe na safu tatu zaidi kando ya jina la kila kampuni: salio la deni kwa sarafu lililokopwa, tarehe ya mwisho kampuni ilipolipa yenyewe, na kiasi ambacho Hazina imelipa kwa niaba yake.

Wako,

Waandaaji wa mishahara, maafisa wa mikopo ya sacco na wasambazaji wadogo,
Nairobi.