Barua ya wazi kwa vijana wanaoharakisha sehemu ya pili

Wanangu,

Marahaba. Mswada wa sehemu ya pili mlionitumia nimeusoma mpaka mwisho, na nimeona niwajibu hadharani kwa sababu si ninyi peke yenu mnaotaka kufanya haya.

Filamu yenu ya kwanza ilinikaa moyoni. Mpelelezi anagundua kwamba dereva aliyewatorosha majambazi ni mdogo wake, tumbo moja. Anamwacha avuke mpaka, kisha anarudi nyumbani kumdanganya mama yao kuwa kijana kapata kazi Zambia. Mama hasemi kitu, anapakua wali kwenye sahani tatu. Pale mlinimaliza.

Sasa naona nini? Kontena la dawa za kulevya bandarini, waziri, mwenye benki wa Kizungu, helikopta. Mama hayumo hata ukurasa mmoja. Na stelingi wenu, kwa kuwa mmeshindwana naye kwenye malipo, mmemhamishia Sumbawanga kwa sentensi moja, mkaleta inspekta mpya mwenye miwani myeusi.

Jamani, haya yalishawakuta wakubwa kuliko sisi. Francis Ford Coppola alitoa The Godfather, kisa cha familia ya kimafia ya Corleone, mwaka 1972, akatoa ya pili 1974. Ya kwanza ilibeba Oscar 3, ya pili 6, na kila moja ilikuwa filamu bora ya mwaka wake. Ya tatu aliikwepa miaka mingi. Lakini One from the Heart, aliyoitoa 1982, ilimtumbukiza kwenye madeni makubwa, na Paramount, studio iliyotoa zile mbili, hawakuacha kubisha hodi. Alipokubali, aliomba miezi 6 ya kuandika, akapewa wiki 6, kwa sababu studio ilitaka filamu itoke Krismasi ya 1990. Ikatoka tarehe 25 Desemba kama walivyotaka.

Si filamu mbovu, na anayeiita takataka hajakaa nayo. Iliteuliwa kuwania Oscar 7, ikarudi mikono mitupu. Iliingiza zaidi ya dola milioni 130, kwa hiyo asije mtu akaniambia, “Mzee, lakini iliuza.” Najua iliuza. Watu walikwenda kwa heshima ya zile mbili za kwanza, na wengi wakatoka wanatazamana.

Tuanze na huyu mnayemhamishia Sumbawanga, maana hata kina Coppola walikuwa na wa kwao. Robert Duvall, aliyecheza Tom Hagen, mwanasheria wa familia na ndugu wa kulelewa wa Michael Corleone, mkuu wa familia, alikataa kurudi kwa sababu Al Pacino, aliyecheza Michael, alipangiwa malipo makubwa mno kuliko yake. Hagen akageuzwa marehemu. Uwakili akapewa George Hamilton: mtanashati, suti imenyooka, nywele zinameremeta. Ila kati yake na Michael hakuna kilichowahi kutokea. Hawajawahi kukoseana wala kuokoana. Anaingia, anazungumza mikataba, anatoka, na Michael anabaki hana mwanamume chumbani aliyekulia naye nyumba moja.

Kinachoniuma ni kwamba Coppola huyu huyu alishakutwa na jambo hilo hilo akalimudu. Kwenye ile ya pili, Richard Castellano, aliyekuwa Clemenza, mmoja wa wakubwa wa kikosi cha familia, hawakuelewana, hakurudi. Clemenza naye akafia nje ya filamu. Lakini safari ile pengo halikupewa mshika mafaili. Wakamzaa Frank Pentangeli, akachezwa na Michael V. Gazzo: mzee mkorofi, mpenda kinywaji, anayegombana na bendi kwenye sherehe kwa sababu haijui kupiga tarantella, ngoma ya Kiitaliano. Kabla hadithi haijamhitaji, tayari tunamjua. Halafu analetwa mbele ya kamati ya Seneti kumtaja Michael. Michael anaingia ukumbini na mzee mmoja aliyeletwa kutoka Sicily, kaka yake Frank, anaketi bila neno. Hakuna bastola wala helikopta. Frank anageuka, anamwona ndugu yake, na papo hapo anakana kila alichowaambia wapelelezi. Gazzo aliteuliwa kuwania Oscar kwa kazi hiyo. Itazameni sini hiyo tena na tena, sauti mkiifunga, mwone macho ya wale wazee wawili yanavyofanya kazi.

Sasa hilo kontena. Coppola na Mario Puzo, mwandishi wa kitabu cha The Godfather, nao walipata habari tamu za magazetini: Papa Yohane Paulo wa Kwanza alifariki 1978 baada ya siku 33 tu madarakani, na Roberto Calvi, mkuu wa Banco Ambrosiano, benki ya Italia iliyoshirikiana na Vatican, alikutwa Juni 1982 akining'inia chini ya daraja la Blackfriars, London. Wakazibeba zote. Matokeo yake tunakaa tukisikiliza hisa za Immobiliare, kampuni ambayo Michael anataka kuinunua kupitia Vatican, nani kasaini na nani anasubiriwa, na mimi mwenyewe, mpenzi wa filamu hizi, napotea njiani.

Ilhali kisa kilikuwa mkononi mwao. Ile ya pili iliisha Michael ameshaagiza kaka yake Fredo auawe. Hilo ndilo deni waliloliacha kwa mtazamaji, na kila ya tatu inapoligusa, inapumua. Michael yuko kwenye ua wa Vatican na Kardinali Lamberto. Sukari inamshuka, anaomba kitu kitamu, anababaika kama mtoto. Kisha anaungama, na anapofika kwa Fredo, analia. Ni dakika chache tu, lakini nawaapia zinawashinda mapadri wote wenye mabenki.

Hapa niseme na la Sofia Coppola, maana ndiye anayetupiwa mawe. Winona Ryder, aliyepangiwa kuwa binti wa Michael, alijitoa dakika za mwisho, baba akamweka bintiye, ambaye hata miaka 20 hakuwa nayo, mbele ya kamera na Al Pacino. Alipwaya, ndiyo. Nani alimpeleka, na kwa haraka ya nani? Msichana mwenyewe alikuja kuchukua Oscar ya uandishi mwaka 2004. Nawaambia hivi kwa sababu nimeona mmempa mpwa wa mfadhili nafasi ya mchumba wa inspekta. Akiharibu, watu watamtukana yeye, ninyi mtakuwa mmekaa kimya.

Mwaka 2020 Coppola aliikata upya, akaipa jina alilolitaka yeye na Puzo tangu zamani, lenye kifo cha Michael Corleone ndani yake. Imetulia kidogo. Hagen hakufufuka.

Basi, kabla ya kulipia kamera, nendeni kwa yule mwigizaji, nyumbani kwake, si kwa simu. Mwongezeeni kitakachobaki mkiifuta helikopta. Akikataa kabisa, mwacheni kwa amani, na huyo inspekta mvueni miwani, mumwandike upya: awe amekula chakula cha yule mama, awe na sababu ya kumficha au ya kumuumbua. Mdogo mtu arudi kutoka Zambia. Waziri aondoke, hata sikumwelewa. Mama aanze kuuliza maswali.

Mswada mpya nileteeni ukiwa umechapwa kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, macho yangu mnayajua.

Mzee wenu