Mheshimiwa Waziri, mkataba wa TAZARA tuuone

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Uchukuzi, Tanzania.

Kwa heshima na taadhima, naandika kuhusu mkataba wa miaka 30 wa kuendesha TAZARA, reli ya kutoka Dar es Salaam hadi Zambia, ambao sisi na Zambia tumeipa kampuni ya Kichina ya CCECC, wenye uwekezaji wa dola bilioni 1.4.

Sina ugomvi na Wachina. Miaka ya sitini Benki ya Dunia na nchi za Magharibi ziliikataa reli ile, zikisema haitalipa. China ikatoa mkopo usio na riba, na kufikia 1975 kilomita 1,860 zilikuwa zimetandikwa hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Zaidi ya Wachina 60 walifia kazini.

Ila hata wakati ule haikuwa sadaka. Gharama za humu nchini zilitokana na mauzo ya bidhaa za Kichina: tuliagiza, maduka yetu yakauza, fedha ikaingia kwenye reli. Kiwanda cha Shanghai kikapata soko Dar es Salaam. Kisha Oktoba 1971 China ikarudishiwa kiti chake Umoja wa Mataifa, kura yetu ikiwemo, na Balozi Salim Ahmed Salim akiwa mstari wa mbele kuipigania. Marekani nayo haikusahau. Mwaka 1981 ilimzuia Salim kwa kura ya turufu asiwe Katibu Mkuu. Wakubwa hawa wana kumbukumbu ndefu kuliko mabunge yetu.

Leo China na Marekani wanagombea shaba ya Zambia na Kongo. Desemba 2024 Rais Biden alifika Angola kuipigia debe reli ya Lobito, inayoupeleka mzigo wa Kongo upande wa Atlantiki. Kwa hiyo, Mheshimiwa, safari hii tulikuwa na nguvu ya kudai. Tulidai nini?

Naomba mkataba wote uwekwe hadharani, na viambatisho vyake. Nani anapanga bei ya kusafirisha mzigo? Na treni ya abiria je? Masika barabara ya Mlimba, Morogoro, ikigeuka tope, treni ndiyo inayomtoa mgonjwa na gunia la mpunga. Kampuni iliyofuata shaba haina sababu ya kusimama Mlimba, labda mkataba uilazimishe. Kama kifungu hicho kipo, tutajieni namba yake kabla ya Bunge la bajeti.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Abiria wa TAZARA